Sarafu ya tembo ya Tabora: jinsi ya kusoma gredi yake kabla sonara hajaigusa

Swali: Shikamoo mzee. Bibi mzaa mama amefariki, ametuachia sarafu mbili za dhahabu. Moja ina mtu juu ya farasi anaua joka, mwaka 1911, imechomelewa kipete cha kuvalia kwenye mkufu. Nyingine ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, ina tembo na mlima nyuma yake, mwaka 1916 na herufi T. Sonara amesema hiyo ya tembo ni "karati 18 tu" na ina sehemu zimefifia, kwahiyo atanipa bei ya gramu, ila kwanza atazisafisha zote bure zing'ae. Jirani yetu anasema sarafu hizi zinauzwa kwa gredi sio kwa gramu. Hiyo gredi inapimwaje, na mimi nyumbani naweza kuijua?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla sijaeleza chochote, naomba hiyo ya tembo usimpe mtu yeyote aisafishe, awe sonara, awe shemeji, awe nani. Isiguswe na dawa ya meno, majivu, ukwaju, ndimu wala ile polishi ya masonara. Irudishe kwenye kitambaa chake halafu soma hapa taratibu.

Ulichonacho, kama ni halisi, ni rupia 15 ya dhahabu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyogongwa Tabora kwenyewe mwaka 1916, na hiyo T ndio alama ya Tabora. Wakati ule vita kuu ya kwanza imepamba moto, meli za Waingereza zimefunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziji tena na watu wanaficha rupia zao za fedha, serikali ya Wajerumani imerudi nyuma bara, basi wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Iramba wakaigonga kwenye karakana ya reli. Zilitoka 16,198 tu, halafu Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikaisha. Kila moja ina gramu 7.168, na dhahabu yake ni 750 kwa elfu, yaani karati 18. Kwahiyo sonara hakukudanganya kwenye karati, karati 18 ndio inavyotakiwa kuwa, na mtu akikuletea ya tembo ambayo ni karati 22 hapo ndio ushtuke. Kasoro iko kwenye hilo neno "tu". Dhahabu safi iliyomo ni kama gramu 5.4, wakati kwenye minada ya Ulaya na Marekani sarafu hii ikiwa na hali nzuri inachukuliwa kwa mara kadhaa ya bei ya hiyo dhahabu, na kinachoamua ni mara ngapi ndio hiyo gredi unayoiuliza.

Gredi ni namna wakusanyaji walivyokubaliana kuelezea sarafu imebakiwa na kiasi gani cha sura iliyotoka nayo kwenye mashine. Skeli inayotumika zaidi ni ya 1 mpaka 70, aliianzisha Mmarekani mmoja anaitwa William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za zamani za kwao, baadae ikatumika kwa sarafu za dunia nzima. Sarafu ambayo haijawahi kutumika inaanzia 60 kwenda juu na inaandikwa MS, iliyoguswa kidogo tu kwenye vilele inakuwa AU kuanzia 50 mpaka 58, chini yake kuna XF za 40 na 45, halafu VF kuanzia 20 mpaka 35, na huko chini zaidi ni zile zilizochakaa kabisa. Waingereza wana majina yao, Fine, Very Fine, Extremely Fine, lakini wazo ni lile lile. Namba usizikariri, jifunze kuiangalia sarafu yenyewe, kwasababu hiyo ya kwako ina tabia zake na mtu aliyezoea pauni za Uingereza tu, kama hiyo ya farasi, anaweza kuipa gredi ya chini isiyostahili.

Anza na mwanga. Zima taa ya juu ya chumba, tumia taa moja ya mezani, shika sarafu kwa ukingo kwa vidole viwili, usiguse uso, na chini utandike kanga au taulo ili ikikuponyoka isigonge sakafu. Sasa izungushe taratibu chini ya taa. Sarafu iliyobaki na ngozi yake ya asili ina mng'ao unaotembea, mistari ya mwanga inazunguka kutoka katikati kwenda pembeni kila unapoigeuza. Mng'ao huo unatokana na mistari midogo sana ambayo dhahabu inajiwekea yenyewe pale inapotandazwa na nguvu ya mashine, jicho halioni mstari mmoja mmoja lakini mwanga unaiona. Ukiisugua, ile mistari inalala na haiinuki tena milele, hakuna sonara duniani wa kuirudisha. Ndio maana nakazana na hili la kusafisha. Iliyosafishwa inaweza kung'aa kuliko ya mwanzo, lakini inang'aa yote kwa mpigo kama kijiko kipya, mwanga hautembei, na ukiweka lenzi utaona mikwaruzo myembamba imelala upande mmoja au inazunguka duara kufuata mkono wa aliyesugua.

Baada ya hapo tafuta vilele. Sehemu yoyote iliyoinuka zaidi ndio inaanza kulika, kwahiyo upande wa tembo angalia kichwa, sikio na bega, na upande wa pili angalia kifua cha yule tai wa Wajerumani, kichwa na manyoya ya mabawa. Kama rangi ya vilele ni tofauti na rangi ya bondeni, yaani juu kuna ubapa mdogo uliopauka na mwanga ukipita pale unakatika, hapo imeguswa, umeshatoka kwenye MS uko AU. Kama ubapa ni mpana lakini michoro mingi bado inasomeka na mng'ao umebaki kwenye mabonde karibu na herufi, ni XF. Kama manyoya ya tai yameungana na sikio la tembo limebaki umbo tu, sasa ni VF au chini yake.

Na hapa ndio penyewe, kwasababu umeandika sonara amesema kuna sehemu zimefifia. Sarafu ya Tabora imegongwa vitani, karakana ya reli, na mihuri, yaani vile vyuma vinavyogonga picha kwenye dhahabu, iliyochongwa kwa mkono, hawakuwa Berlin. Nyingi zilitoka mashineni tayari zimefifia! Tembo ana mwili mkubwa ulioinuka, nyuma yake kabisa kuna kifua cha tai nacho kimeinuka, na dhahabu ya katikati haitoshi kujaza mashimo yote mawili ya muhuri kwa wakati mmoja kama nguvu ya mashine ni ndogo, kwahiyo mara nyingi katikati panatoka laini hata kama sarafu haijawahi kununua kitu. Mwenye macho ya haraka anasema imechakaa, anakushusha gredi na bei. Sasa unatofautishaje? Rudi kwenye taa. Palipofifia kwasababu ya kugongwa hafifu pana ngozi, mng'ao unapita juu yake bila kukatika, na ukiweka lenzi unaona ule uso wenye kukwaruza kidogo wa kile kidonge cha dhahabu kilivyokuwa kabla hakijagongwa. Palipolika kwa kutumika ni laini, pamepauka, mwanga unazimika pale. Halafu angalia pembeni, herufi za DEUTSCH OSTAFRIKA na tarakimu za mwaka. Sarafu iliyotembea mikononi inalika kila mahali, kwahiyo kama katikati pamefifia lakini herufi zina kona kali na ukingo uko hai, basi kosa ni la mashine na mtaalamu wa gredi analijua hilo, ingawa nalo linapunguza kidogo kwasababu wanunuzi wanapenda tembo aliyesimama vizuri.

Kitu kingine kinachochanganya ni mistari. Ukiona kamstari kwenye uwanja ulio wazi, yaani sehemu isiyo na mchoro, jiulize kameinuka au kamezama. Kilichoinuka kilikuwa kwenye muhuri, labda ni ufa wa muhuri au alama za kuusugua, kimezaliwa na sarafu na hakiishushi gredi ya uchakavu. Kilichozama ni mkwaruzo, kimeingia baadae, hicho ndio kinahesabiwa, na mkwaruzo mmoja mkubwa mbele ya tembo kwenye uwanja wazi unaumiza kuliko midogo mitano iliyojificha kwenye manyoya ya tai. Mtu anaweza kukwambia hilo la mahali ni maoni, lakini wote wanaotoa gredi wanalifuata, sarafu inaangaliwa kwanza kwa jicho tupu na jicho linaenda palipo wazi.

Uhalisia sasa, kwasababu gredi ya sarafu feki ni sifuri. Hizi za tembo zimeigwa sana. Zile mbovu zimemiminwa kwenye kalibu, utaona vitundu vidogo kama vya sindano kwenye uwanja, herufi zina kona za mviringo kama sabuni iliyotumika, na pengine kwenye ukingo kuna mstari wa maungio umepitishwa tupa. Ukingo wa hii hauna meno, ni laini, kwahiyo alama yoyote ya tupa inaonekana haraka. Kuna nakala nzuri zaidi zilizogongwa kwa mashine za kisasa, hizo mara nyingi unazijua kwa uzito, karati, na kuwa zimenyooka mno, hazina ile dalili ya kuchongwa kwa mkono.

Nyumbani pima hivi. Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma mpaka 0.01 ya gramu, hata ya sonara sawa ili mradi wewe ndio umeshika sarafu. Uzito uwe karibu na gramu 7.17, iliyotumika inaweza kupungua kidogo, lakini ikisoma 6.5 au 7.8 usitafute sababu za kujifariji. Halafu weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni ya glasi, soma namba. Dhahabu ya 750 inakaa kati ya 15 na 16 kwa uzito wa ujazo kutegemea imechanganywa na nini, kwahiyo mizani itaonyesha kama 0.45 mpaka 0.48. Ikionyesha 0.8 na kitu ni shaba ya njano (brass) au kitu cha aina hiyo kimepakwa. Ikitoka majini igandamize kwenye kitambaa laini ikauke, usiifute. Kama ipo mashine ya kupimia dhahabu kwenye soko la madini karibu na wewe ni nzuri zaidi kwasababu haikwangui. Usikubali lile jiwe la sonara na asidi, kwasababu kuisugua kwenye jiwe ni kuitia jeraha ukingoni, na jeraha hilo nalo linaandikwa kwenye gredi.

Wengi pia wananitumia picha za sarafu ya njano ya mwaka 1916 yenye T wakidhani ni hii. Kama ina taji na herufi DOA na upande wa pili imeandikwa 20 HELLER au 5 HELLER, ni ya shaba ya njano, imetoka karakana ile ile na ina historia yake nzuri, ila sio dhahabu. Tembo yuko kwenye rupia 15 peke yake.

Ukiwa na lenzi mkononi angalia na ile nakshi ya kulia upande wa tai, mkia wa hiyo nakshi unaishia wapi. Kuna aina mbili, moja mkia unaishia chini ya T ya OSTAFRIKA, zilitoka 9,803, nyingine unaishia chini ya A ya kwanza, zilitoka 6,395. Ya A ni chache zaidi, lakini kwa maoni yangu hali ya sarafu ina uzito kuliko aina, ya T yenye ngozi safi naichukua mbele ya ya A iliyopolishiwa.

Hiyo ya farasi ni pauni ya dhahabu ya Uingereza, Mtakatifu George na joka, mchoro wa msanii Benedetto Pistrucci uliotumika tangu 1817, na kichwa cha upande wa pili ni cha mfalme George V. Uzito wake mpya ni gramu 7.988, karati 22, upana milimita 22.05. Ya 1911 ni ya kawaida kabisa. Angalia ardhini chini ya farasi, juu kidogo ya mwaka, kama kuna kiherufi kidogo, S ni Sydney, M Melbourne, P Perth, C Canada, na pakiwa patupu ni London. Kwa bahati mbaya kipete kilichochomelewa kimeshaamua, kwa wakusanyaji sarafu iliyolehemiwa haipewi namba safi, wanaandika kuwa hali yake ni fulani ila imewahi kuwa pambo, na bei inakuja karibu na bei ya dhahabu. Usimruhusu akitoe kipete kwa ajili ya "kuirudisha", akikitoa atapitisha tupa na moto, gramu zinapungua na gredi hairudi. Iacheni hivyo hivyo, mnayo pauni ya bibi kwenye mkufu wake na mwenye kuivaa aivae. Ila uzito wake mpime, na mjue kuwa miaka ya 1950 na 1960 ziligongwa pauni feki huko Lebanon na Italia kwa dhahabu halisi, kwahiyo sonara akisema "dhahabu ni yenyewe" anasema kweli kuhusu dhahabu, hajasema chochote kuhusu sarafu.

Sasa je, hiyo ya tembo uipeleke kwa wanaotoa gredi? Kampuni mbili kubwa ni PCGS iliyoanza kazi 1986 na NGC ya 1987, zote za Marekani. Wanaiangalia, wanaipa namba, wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo. Wakiona imesafishwa au imerekebishwa hawaipi namba, wanaandika neno "Details" pamoja na kasoro, na neno hilo moja linaweza kuondoa sehemu kubwa sana ya bei. Kuna gharama, bima na usafirishaji, kwahiyo kwa pauni yenye kipete ni hasara tupu, lakini kwa rupia 15 isiyosafishwa naona inalipa, hasa ikiwa vipimo vyote nilivyotaja vimekaa sawa. Na ukija kununua wewe siku moja, namba ya lebo iingize kwenye tovuti ya kampuni husika, linganisha na picha, makasha nayo yanaigwa.

Ikiwa una shaka na uchafu uliomo, kwa mfano mafuta ya mkono au nta ya kitambaa, asetoni safi ya maabara haiidhuru dhahabu, unaitumbukiza, unaitoa, inakauka yenyewe bila kufutwa. Ile ya kutolea rangi ya kucha usitumie, ina manukato na mafuta ndani yake. Ule wekundu mdogo unaokaa kwenye mabonde baada ya miaka mingi usiutoe kabisa, wanunuzi wanaujua na wanaupenda kwasababu ndio ushahidi kuwa hakuna aliyeisugua.

Kwa huyo sonara, mshukuru, mwambie ya tembo haiuzwi kwa gramu na wala haisafishwi. Kama anataka kweli kuinunua kama sarafu atakubali muiangalie pamoja chini ya taa na atakwambia anaiona iko VF au XF na kwanini, mbele yako, kwa kuonyesha kidole palipolika. Piga picha pande zote mbili na ukingo, mwanga uje kutoka ubavuni sio flashi ya simu inayopiga mbele, flashi inaua mng'ao wote na mtu wa mbali hawezi kutofautisha palipolika na palipogongwa hafifu. Picha hizo pamoja na uzito wake na ile namba ya majini ndio uwapelekee watu wa minada wawili au watatu kabla hamjakubaliana bei na yeyote, na kama mmerithi wengi, ndugu wote wazione kwanza.